Mama Matilda Hakulia

Siku ya kwanza nilipofika kazini, katika ofisi ya vyumba vitatu iliyokuwa Chumbageni, nilimkuta Katibu wa Mkoa wa chama chetu cha wafanyakazi wa mashambani akichonga penseli kwa wembe. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba bila kuinua macho, akaendelea kuchonga mpaka zikatimia penseli tatu: nyeusi, nyekundu na buluu. Kisha akaniuliza ninajua nini kuhusu ofisi ile.

"Nasikia ni ofisi inayowatetea watu wa mkonge, Mzee."

"Unasikia kwa nani?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Na hao waliokwambia, walikuwa wamekaa wapi hata wakayaona hayo?"

Nilikuwa nimetoka masomoni karibuni, nimevaa shati lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo, na nilikuwa nimejiandaa kuulizwa habari za vyeti vyangu. Katibu alizisukuma zile penseli upande wangu wa meza.

"Neno 'nasikia' uliache mlangoni pamoja na matope ya viatu. Humu tunashughulika na maneno tuliyoyasikia kwa masikio yetu, kutoka kwa mtu tuliyemwona kwa macho yetu. Mengine waachie wenye vibaraza."

Ninaandika haya leo, miaka mingi baada ya kustaafu, kwa sababu ya ombi moja lililonikasirisha. Mwaka huu alinijia nyumbani mwanamke kijana aitwaye Anjela, fundi cherehani, akitokea katika kambi ya wafanyakazi wa zamani wa shamba moja la mkonge lililo njia ya kwenda Maramba. Bibi yake, Mama Matilda, ndiye aliyesimama zamani mbele ya kamati ya usuluhishi akaziokoa nyumba za kambi hiyo zisibomolewe. Sasa shamba limepata mwekezaji mwingine, nyumba zile zile zinatakiwa tena zivunjwe, na safari hii wakazi wamemchagua Anjela awasemee. Aliniamkia kwa adabu, akaketi, akasema:

"Babu, kila mtu anajua bibi alishinda kwa machozi. Wewe ulikuwapo. Naomba unifundishe namna alivyolia."

Mama Matilda hakulia. Nilikuwapo, nilikaa safu ya mbele, na kati yangu na yeye hapakuwa na mtu. Nitaeleza yote kwa utaratibu, kwa kuwa hakuna atakayeelewa alichokifanya mama yule bila kuelewa kwanza kazi yetu ilivyofanywa.

Chama kilikuwa na idara ya elimu, na mimi niliajiriwa humo kuwa mkufunzi wa usemaji. Wasemaji walikuwa ni wafanyakazi waliochaguliwa na wenzao kwenda kueleza madai yao mbele ya meneja, kamati au baraza. Sisi wakufunzi hatukuwasemea. Tuliwaandaa, kisha tukakaa kimya wakisema wao. Katibu alilishikilia jambo hili kwa ukali, akitwambia kwamba siku mkufunzi atakapoinuka kumsaidia msemaji mbele ya meneja, atakuwa amemthibitishia meneja kuwa mkata mkonge hana akili yake mwenyewe.

Miezi ya mwanzo sikuruhusiwa kumfundisha mtu yeyote. Nilipewa hotuba zilizokwisha kutolewa, nikatakiwa kuzipasua. Kupasua hotuba, kwa lugha ya ofisi yetu, kulikuwa ni kuipitia sentensi baada ya sentensi na kuonyesha kila moja inamvuta msikilizaji kwa kamba ipi. Wasomi wa balagha, ile elimu kongwe ya usemaji, hutaja kamba tatu. Ya kwanza tuliiita uso: ni nani anayesema, na kwa nini aaminiwe. Tuliipigia mstari mweusi. Ya pili tuliiita moyo: msikilizaji atafanywa ahisi nini, iwe huruma, hasira, aibu au fahari. Mstari wake ulikuwa mwekundu. Ya tatu ni hoja, yaani sababu na ushahidi, nayo tuliipigia wa buluu. Kazi ikiisha, Katibu aliishika karatasi mbali na macho kama mtu anayechagua kitambaa dukani, akatoa hukumu kabla ya kusoma neno.

"Hii nyekundu tupu," aliwahi kusema. "Huyu bwana aliwaliza wenzake, wakajifuta, wakaenda zao kula."

Nimewahi kuambiwa usoni, na watu waliosoma kuniliko, kwamba kazi yangu ilikuwa kufundisha ulaghai. Nakataa, na nitaendelea kukataa. Meneja alikuwa na wakili, alikuwa na karani, alikuwa na kiti chenye mto. Mkata mkonge alikuwa na ulimi wake tu, na ulimi wenyewe ulizoezwa tangu utotoni kusema "ndiyo bwana". Kuuzoeza useme neno la pili ni ulaghai gani?

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Kigombe, karibu na nilikozaliwa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba uso wa msemaji hauko katika maneno peke yake. Makao makuu yalituletea mchumi, kijana mwenye elimu nzuri, aje kuwaeleza wafanyakazi wa korona sababu za kudai mazingira bora ya kazi. Korona ni kiwanda chenye mtambo wa kuparura majani ya mkonge na kubakiza nyuzi. Makapi yake hutiririka mferejini yakioza juani, na asiyezoea harufu ile hujiona anakufa. Mchumi wetu alizungumza kwa mpango mzuri ajabu, akalieleza neno "utu" kwa upana wake wote, na muda wote huo alikuwa ameshika leso nyeupe puani.

Alipomaliza, mzee mmoja wa mtamboni aliinua mkono. "Bwana mkubwa, tumekusikia. Ila tuambie, huo utu wetu ndio unaonuka hivyo?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mkutano ukaishia hapo. Nilirudi Chumbageni nikaipasua hotuba ile, nikampelekea Katibu karatasi iliyojaa buluu.

"Leso umeipigia rangi gani?" aliuliza.

"Leso si sentensi, Mzee."

"Ndiyo sentensi pekee waliyoisikia."

Nilipita vituo vingine ambavyo havina haja ya kutajwa. Katibu alistaafu, na juu yangu akawekwa Mkuu wa Idara, mtu wa taratibu, mpole wa sauti, aliyeogopa makao makuu kuliko alivyoogopa maradhi. Ni wakati wake ndipo lilipotokea suala la ile kambi ya njia ya Maramba.

Shamba lilikuwa limeuzwa. Meneja mpya aliwatangazia wakazi kwamba kambi itavunjwa, na kiwanja chake kipandwe mkonge. Wakazi walikuwa watoto na wajukuu wa manamba, watu walioletwa kwa mikataba kutoka kusini na magharibi ya nchi, wakaandikwa kwa namba, na jina hilo likawaganda. Wengi walikuwa Wakatoliki, kanisa lao dogo lilikuwa mwisho wa kambi, na makaburi yao kando ya njia. Kwa kuwa suala lilitishia kuleta fujo, iliundwa kamati ya usuluhishi iwasikilize pande zote mbili katika ghala la shamba. Mwenyekiti wake alikuwa mtu wa pwani kama mimi, mwenye kanzu safi na Kiswahili kizuri mno.

Msemaji wa kwanza wa wakazi alikuwa Mzee Thadei, katekista, mtu aliyeheshimiwa na kambi nzima. Alikuwa ameandaliwa na mkufunzi mwingine, mimi nikapelekwa kusikiliza tu. Hapa inanipasa niwaeleze wasomaji vijana desturi moja ya huku kwetu. Mtu ambaye asili yake ni ya mbali hujiita mgeni hata kama babu yake alizaliwa hapa. Husema, "Sisi wageni wenu," na mwenyeji hujibu, "Aka, nyinyi si wageni tena, ni wenzetu." Wote wawili wanajua kwamba hayo ni maneno ya heshima, na mazungumzo huendelea.

Mzee Thadei alisimama, akavua kofia, akaanza: "Waheshimiwa, sisi wageni wenu mliotupokea..." Akalingoja lile jibu la adabu. Halikuja. Mwenyekiti alimtazama tu. Mzee akaendelea kueleza kuhusu watoto watakaonyeshewa na mvua, vikongwe wasio na pa kwenda, na kanisa litakalobaki gofu. Sauti ikamkatika, machozi yakamtoka. Waliokuwamo ghalani wakaanza kulia pamoja naye. Akamalizia kwa kuomba waonewe huruma.

"Umesema vizuri, mzee wangu," alijibu Mwenyekiti, kwa upole mkubwa. "Umesema mwenyewe kwamba nyinyi ni wageni, na mgeni mwema ni yule anayejua kuaga. Tutawaombea kwa Meneja mpewe muda wa kuaga."

Sijapata kuona adabu ya mtu ikigeuzwa silaha ya kumpigia yeye mwenyewe kama siku ile. Nilijaribu kuipasua hotuba ya Mzee Thadei kichwani mwangu palepale. Uso aliusalimisha kwa sentensi yake ya kwanza, akiwa hata hajui kama ameusalimisha. Hoja hakuwa nayo. Alibaki na moyo, na moyo wenyewe ulikuwa wa huruma tupu, hisia ambayo humweka anayehurumia juu na anayehurumiwa chini. Mwenyekiti hakupinga huruma ile. Aliikubali, kisha akaitumia kupanga siku za kuhama.

Kikao kiliahirishwa kwa wiki moja, na wakazi wakaruhusiwa kuleta msemaji mwingine. Walimchagua Mama Matilda, mjane aliyekuwa kibarua wa kuanika nyuzi. Mkuu wa Idara aliniita ofisini siku iliyofuata.

"Huyo mama hana kadi ya chama," aliniambia. "Kibarua si mwanachama. Hatuwezi kumwandaa."

"Mzee, nyumba atakayovunjiwa nayo haina kadi."

"Usinijibu hivyo. Makao makuu wakiuliza nitawaambia nini?"

"Waambie nilikwenda Maramba bila ruhusa yako."

Alifungua mtoto wa meza akajifanya anatafuta kitu. Nililichukua tendo hilo kuwa ndiyo ruhusa, nikaondoka. Baadaye aliniandikia onyo kali, na cheo nilichokuwa nakitarajia akapewa mwenzangu. Hilo silijutii hata leo.

Nilimkuta Mama Matilda akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anachambua mchicha. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kifua kipana na jicho la kulia jekundu lililokuwa likimtoka maji kila mara. Nilimwuliza yeye ni nani, kama tulivyomwuliza kila msemaji kabla ya jambo lolote.

"Mimi? Mimi mgeni tu, Mwalimu."

"Ulifika lini?"

"Sikufika. Nimezaliwa nyumba ile kule, ya tatu kutoka kisimani."

"Basi wewe ni mgeni wa nani?"

Aliacha mchicha. "Nawe una maneno! Si nyinyi watu wa pwani mnaotuita hivyo?"

"Mimi nimekuita?"

"Hujaniita."

"Nani amekuita?"

Alifikiri, kisha akacheka kicheko kikubwa kilichomtoa jirani ndani. "Mimi mwenyewe!" alisema. "Ee Mungu wangu, kumbe ni mimi mwenyewe!"

Tulifanya kazi wiki nzima. Sikumwandikia hata sentensi moja. Nilimwuliza maswali, naye akajibu, na jibu lililosimama imara tukaliweka, lililoyumba tukalitupa. Kila aliposema "inasemekana" nilimsimamisha. Ilipofika siku ya kikao alikuwa na mambo matatu tu, na aliyajua kwa mpangilio wake.

Ghala lilijaa mpaka nje. Haya ndiyo aliyoyasema, kama nilivyoyasikia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, jina langu ni Matilda. Wiki iliyopita mliambiwa sisi ni wageni. Mzee wetu alisema kwa adabu, nanyi mkaipokea adabu yake mkaifanya amri ya kuhama. Basi leo mimi adabu hiyo sinayo. Mimi sikuja hapa. Nilizaliwa hapa asubuhi, na jioni yake nyapara akaja kumwuliza mama yangu kwa nini hakufika kuanika. Mnatafuta mgeni? Mgeni ni mkonge. Mkonge uliletwa kwa meli, na waliokuwapo unapandwa wamezikwa kando ya njia mliyopita mkija. Ikiwa mgeni ndiye anayetakiwa kuondoka, na uanze mkonge."

Ghala lililipuka kwa vicheko na vigelegele. Mwenyekiti akagonga meza. "Mama, hapa si mahali pa mzaha."

"Sina mzaha, Mheshimiwa. Nimemaliza la kwanza, naingia la pili. Kila tulipoomba ujira uongezwe, Meneja aliyetangulia alitujibu neno moja: 'Mnakaa bure.' Nililisikia mwenyewe kwenye kamba za kuanikia, na wenzangu hawa walikuwapo. Sasa huyu aliyerithi shamba na achague. Kama tulikaa bure, basi ujira wetu ulikuwa mdogo bila sababu, na aje aeleze kwa nini. Kama ujira ulikuwa mdogo kwa kuwa nyumba ni sehemu yake, basi nyumba hizi tumekwisha kuzilipia kwa mikono yetu. Achague lolote. Mimi nitasimama hapa nimngojee."

Akasimama, akangoja kweli. Meneja alimwinamia wakili wake, wakili akamnong'oneza, na hakuna kati yao aliyesema kitu. Ndipo mama yule alipochukua pindo la kanga akafuta jicho.

"Pole, mama," alisema Mwenyekiti, sauti imekuwa laini ghafla. "Usilie. Tunakuelewa."

"Silii, Mheshimiwa." Alisema hivyo kwa nguvu, hata waliokuwa safu za nyuma wakasikia. "Jicho hili lilichomwa na mwiba wa mkonge nikiwa msichana. Linatoa maji lenyewe. Nikila linatoa, nikicheka linatoa. Msitoke hapa mkaenda kusema mlimhurumia mama aliyelia. Mwenye kunihurumia leo akaniachia nyumba, kesho huruma ikimwisha ataichukua. Hilo ndilo la tatu. Sikuja kuombeleza, nimekuja kudai."

Akakaa. Aliyeanza kupiga makofi alikuwa Mzee Thadei.

Mchana kamati ilirudi na uamuzi: kambi itengwe na shamba, wakazi wasiguswe. Uamuzi ulisomwa mbele yetu sote. Hati ya kiwanja iliahidiwa, wakaambiwa wangoje, na wakangoja mpaka Mama Matilda akafa bila kuiona.

Nilipozipasua hotuba zile mbili na kuzilaza pamoja mezani, niliona jambo ambalo nimelifundisha mpaka siku ya mwisho ya kazi yangu. Kamba zote tatu zilikuwamo katika hotuba ya Mama Matilda, lakini tofauti haikuwa katika wingi wa rangi. Hata wekundu ulikuwamo katika zote. Mzee Thadei aliamsha huruma. Mama Matilda aliamsha aibu kwa waliokuwa mezani na fahari kwa waliokuwa sakafuni, na hakuna hisia mojawapo kati ya hizo inayomtaka msemaji apige magoti. Anayedai haki lazima kwanza asimame kimo sawa na anayemdai. Ndiyo maana mama yule alianza na uso, akaupata, na baada ya hapo hoja yake ikasikilizwa kama hoja. Angeanza na hoja ile akiwa bado mgeni, wangemwambia ana ujuvi.

Sasa, hadithi ya machozi ilitoka wapi? Ilianza jioni ile ile, kwa wale waliokuwa nje ya ghala na kuona pindo la kanga likipanda usoni. Ikasafiri. Kwenye mazishi yake, padri mgeni aliyeletwa kuongoza ibada alihubiri kwamba machozi ya mjane huyu yaliulainisha moyo wa wakubwa. Mimi nilikuwa nimekaa nje pamoja na Waislamu wenzangu tuliokuja kumzika, na sauti ikatufikia yote. Ibada ilipokwisha nilimfuata nikamweleza ilivyokuwa. Alinisikiliza kwa heshima.

"Nimekuelewa, Mwalimu," alisema. "Lakini namna ile inapendeza."

"Hilo ndilo kosa lake, Baba," nilimjibu.

Na inawapendeza wakubwa zaidi. Hadithi ya machozi humfanya Mwenyekiti awe mwema, na nyumba ziwe sadaka yake. Hadithi ya kweli inaonyesha kwamba Meneja alishindwa kujibu, na Mwenyekiti akabaki hana njia. Ndiyo maana nilipomsikia Anjela akiniomba nimfundishe kulia, nilipandwa na hasira, na sikumficha.

"Bibi yako alisema mbele ya watu wote asihesabiwe miongoni mwa waliolia," nilimwambia. "Nyinyi wajukuu zake mmemliza kwa miaka yote hii."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani nimemvunja moyo. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Babu, mimi nilimjua na lile jicho," alisema taratibu. "Tulikuwa tunamtania, bibi unalia uji. Nilijua. Ila nilivyoona watu wote wanasema vile, nikadhani siku ile ilikuwa tofauti."

"Waliosema walikuwa wamekaa wapi?"

"Sijui."

"Basi anza hapo. Tafuta wanaojua walikaa wapi."

Alikuja kwangu mara nyingi baada ya siku hiyo, akitoka Maramba na vitambaa vyake vya kushona mfukoni, na tukafanya kazi kama zamani. Sikumwandikia sentensi hata moja.

Kikao cha safari hii, mbele ya kamati mpya ya usuluhishi, kilifanyika katika ukumbi wa shule. Nilikwenda mwenyewe, kwa kuwa sikuwa tayari kuletewa habari zake. Mwenyekiti wake alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzuri, na alipomwita Anjela alitabasamu.

"Binti, jisikie huru. Hata machozi yakikutoka hapa, tutakuelewa. Bibi yako tunazo habari zake."

"Ahsante, Mwenyekiti," alijibu Anjela. "Bibi yangu alikuwa na jicho bovu. Mimi yangu ni mazima yote mawili."

Ukumbi ulicheka, na Mwenyekiti mwenyewe akashindwa kujizuia. Sikucheka. Nilikuwa nasikiliza mstari mweusi ukichorwa. Kisha akaingia katika hoja. Mwakilishi wa mwekezaji alikuwa amedai kwamba hakuna ushahidi kuwa kambi iliwahi kutengwa na shamba, na kwamba hayo ni masimulizi tu ya wazee. Anjela alikubaliana naye kwamba masimulizi hayatoshi. Akageuka akatukabili.

"Sitaki wanaosimulia. Naomba wasimame wale tu waliokuwamo ghalani siku ile, wakausikia uamuzi ukisomwa kwa masikio yao."

Tulisimama. Hatukuwa wengi, na baadhi walisaidiwa kuinuka. Mimi goti langu limekufa siku nyingi, lakini nilisimama bila fimbo. Mmoja alikuwa mdogo wake Mzee Thadei. Mwingine aliwahi kuwa karani wa ile kamati ya kwanza, naye alikuja kwa hiari yake. Anjela hakusema neno. Alituacha tusimame, akamtazama Mwenyekiti, akangoja, kama bibi yake alivyongoja. Nilitambua kwamba katika kimya kile kamba zote tatu zilikuwa zimeshikwa kwa mkono mmoja: uso ulikuwa wetu, hoja ilikuwa ushahidi wetu, na moyo ulikuwa magoti yetu yakitetemeka mbele ya watu wanaotakiwa kuamua kama sisi ni waongo. Hilo sikumfundisha mimi.

Mwenyekiti aliacha kutabasamu. Alituhoji mmoja mmoja, na kila mmoja alimwuliza alikuwa amekaa sehemu gani ya ghala. Nilipolisikia swali hilo nilimkumbuka Katibu na wembe wake. Mwishoni alitamka kwamba hakuna nyumba itakayoguswa, na kwamba kambi ipimwe ili wakazi wapewe hati yao. Wapimaji hawajafika hadi ninapoandika. Nitaamini nitakapowaona na minyororo yao ya kupimia, na wasipofika, Anjela anajua pa kwenda, na anajua namna ya kusimama akifika.

Vijana huniuliza kama kazi yangu ilileta faida yoyote, ikiwa jambo lile lile limelazimika kudaiwa mara mbili. Swali hilo huulizwa na mtu anayedhani haki ni kitu cha kupewa mara moja ukakiweka kabatini. Mimi naona kwamba kila kizazi kitaulizwa upya kwa nini kipo pale kilipo, na anayejibu kwa machozi atajibiwa kwa pole. Nimezeeka, lakini bado ninazo zile penseli, na mlango wangu uko wazi kwa yeyote atakayeliacha neno "nasikia" nje.

Nilipokuwa natoka ukumbini siku ile nilimkuta kijana mmoja amesimama kwenye ngazi, simu sikioni, anazungumza kwa furaha.

"Yaani, we acha tu! Yule dada kalia, ukumbi mzima ukalia, mpaka Mwenyekiti akatoa leso! Nakwambia ni machozi tu yamewaokoa!"

Nilimsogelea nikamgusa bega. Akageuka, akaniona, akaishusha simu kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nilimjibu. "Wewe ulikuwa umekaa wapi?"